Jicho la Kuke

Risasi kumi, na zote zimekwenda kushoto,
zimebanana kwenye kona ya karatasi
kama watu waliokosa viti harusini.
Kifua cha yule mtu asiye na uso hakina hata mkwaruzo.
Sajini Lesuuda anazihesabu kwa ncha ya kalamu,
hasemi kitu, kisha anasema:
"Wakesho, mkono wako hauna kosa.
Basi nani anayenidanganya?"

Baridi ya Julai imeikalia Ruaraka.
Wenzangu kwenye mstari wamefumba jicho, wote la kushoto,
nami nililifumba langu kwa kuwafuata,
la kuume likabaki zamuni peke yake,
likatoa machozi, likatetemeka,
bawabu aliyepewa lango asilolijua.
Nikiyafumbua yote, nundu ya mbele inazaa pacha:
bastola mbili, mikono minne,
na sijui ni ipi itakayolia.

"Weka silaha chini. Nyoosha mikono.
Kutanisha viganja, bakisha kitundu.
Unaliona tangi la maji kule ng'ambo?
Litie humo, macho yote wazi."
Nikalitia.
"Fumba la kushoto."
Tangi likatoweka. Palibaki ukuta, na kunguru.
"Fumba la kuume."
Tangi likawa pale pale, limetulia,
kama ambaye hajawahi kwenda popote.

Lo!
Miaka ishirini na minne nimekula, nimeandika,
nimeshika Biblia na kula kiapo kwa mkono wa kuume,
kumbe mwenye kuniongoza yuko upande wa pili,
upande ambao nyanya, kule Wundanyi, aliuita wa kuke.
Nilipochota uji kwa mkono huo aliuchapa,
akahamisha kijiko,
akauchapa tena, akahamisha,
mpaka mkono ukasahau.
Mkono ulifunzwa.
Jicho halikuguswa na mtu.
Nani angejua pa kulichapa?

Jioni nampelekea Baba habari, Luthuli,
kibanda chake cha saa, upana wake ni meza na goti.
Hapo ndipo nilipokulia, chini ya meza,
nikiokota skrubu ndogo kuliko chawa.
Alikuwa akiibana lenzi nyeusi jichoni, la kushoto siku zote,
na akienda kunywa chai, mimi huiiba
na kuibana kwenye jicho lile lile, bila kujiuliza,
nikaona gurudumu la ukubwa wa chembe ya mtama
likihema.

Siku hizi lenzi imelala kwenye kopo la bisibisi.
Anabadilisha betri tu, kwa kupapasa.
Namweleza habari za tangi, viganja, kitundu.
Anainua mikono yake, analenga taa ya duka la simu,
anafumba hili, anafumba lile,
kisha anacheka mpaka anashika meza.
"Daktari aliniambia nina mtoto wa jicho, la kushoto.
Mimi nikadhani anataja ugonjwa."

Nikacheka naye.
Halafu hatukucheka.

Alhamisi, mstari wa mita kumi na tano.
Mkono ni ule ule wa nyanya.
Bastola naisogeza, upana wa vidole vitatu tu,
kidevu nakigeuza kidogo kuelekea begani,
mpaka chuma kije mbele ya jicho lenye nyumba.
Macho yote wazi. Hakuna pacha.
Nundu imesimama katikati ya pengo, kali,
naona hata mkwaruzo kwenye rangi yake.
Kwa hiyo karatasi inafifia, ndivyo inavyotakiwa,
kifua kinakuwa kivuli, kivuli kinakuwa maziwa,
na nadhani hivi ndivyo Baba anavyoiona saa sasa,
anajua iko pale, anajua inakwenda.

Navuta taratibu.
Sajini hatembei kwenda kuhesabu.
Ananisubiri nipumue.